Mlango Uliofungwa kwa Nje

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Laini Saba, ndani ya Kibera jijini Nairobi, imekwisha kuamka. Wanaume wa vibarua wanaifuata reli kwa miguu kuelekea Industrial Area. Wanawake wa kufua nguo wanapanda kutokea Mbagathi, wakielekea Kilimani na Kileleshwa kutafuta nyumba zenye kazi ya siku hiyo. Katika baadhi ya vyumba vya mabati, mama ana jambo jingine la kufanya kabla hajaondoka. Anamlaza mwanawe ubavu, anamwekea mto mgongoni asije akageuka chali, anatoa jiko nje, kisha anafunga mlango kwa kufuli. Ufunguo anamwachia jirani. Huyo mwana huenda ana miaka mitatu. Huenda pia ana ishirini na mitatu.

Apitaye akiliona kufuli lile husema ni ukatili. Sheria nayo ilisema hivyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, katika kifungu cha 45, ilimkataza mzazi au mlezi kumficha mtu mwenye ulemavu, na ikamwekea faini isiyozidi Sh20,000. Kifungu hicho kilikuwa na sababu, kwa kuwa wapo waliofungiwa kwa aibu, wageni wasiwaone. Tatizo ni kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini sheria ilijua adhabu ya mtu anayefunga mlango, na haikumpa mtu wa kubaki ndani akitoka kwenda kutafuta unga. Mwezi Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya zamani. Ubora wake utapimwa hapa Laini Saba, kwa kuangalia kama kufuli zimepungua.

Nchi nyingine zina huduma ya kumpata mtu huyo wa kubaki, nazo huiita kuishi kwa kusaidiwa. Mtu mwenye ulemavu hukaa kwake, katikati ya watu, si katika kituo kilichozungushiwa ukuta, na hupata mtu wa kumsaidia kuoga, kula, kumeza dawa, kwenda sokoni na kanisani au msikitini. Msaidizi amefundishwa, analipwa, na kuna anayemfuatilia. Kenya ilikubali jambo hili iliporidhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwezi Mei 2008. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinasema kila mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi katika jamii na kuchagua wapi aishi na nani.

Ni makosa kusema kwamba Kenya haina huduma hiyo. Ipo, na Kibera inafanywa kila siku. Inafanywa na mama, na nyanya aliyeletwa kutoka kijijini kwa ajili hiyo, na dada wa miaka kumi na miwili anayekosa shule siku ambazo hakuna mwingine wa kubaki, na jirani mwenye ufunguo. Kisichokuwapo ni malipo, mafunzo na jicho la kuangalia inafanywaje.

Hata idadi ya wanaoihitaji haijulikani vizuri. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 916,692 wenye ulemavu wa umri wa miaka mitano na zaidi, yaani asilimia 2.2. Utafiti wa kitaifa ulioripotiwa 2008 ulikuwa umepata asilimia 4.6. Njia za kuuliza zilitofautiana, kweli, na hesabu hiyo ya sensa haikuwagusa walio chini ya miaka mitano. Lakini yeyote aliyewahi kukaa katika ploti ya vyumba kumi na miwili anajua jibu la mlangoni linavyotoka pale karani mgeni anapouliza, mbele ya majirani, kama kuna mlemavu ndani.

Inafaa kuiangalia kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu huko ndiko usalama ulipo.

Chukua kulisha. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi hawezi kushika shingo yake, na misuli ya koo lake haifuati amri ipasavyo. Anayejua kumlisha humkalisha wima, akiegemeza kichwa chake katika kiwiko, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani. Uji wenyewe huwa mzito kiasi, usiokimbia kooni. Anampa kijiko kidogo, anangoja ameze, anamtazama koo, ndipo anampa kingine. Kikombe kimoja cha uji kinaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Sasa mfikirie jirani mwenye watoto wake watatu, nguo za kufua na biashara ya mboga mlangoni. Anampenda mtoto huyu, wala hana nia mbaya. Anamlisha chali, kikombe mdomoni, apate kumaliza. Uji kidogo unaingia kwenye mapafu. Baada ya siku chache mtoto anahema kwa shida, anakimbizwa hospitali ya Mbagathi, nayo inaandika nimonia. Inaandika ukweli. Ila hakuna karatasi yenye nafasi ya kuandika kwamba alilishwa akiwa chali na mtu ambaye hakuna aliyemwonyesha njia nyingine.

Kugeuza nako ni vivyo hivyo. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya nyongani na kisiginoni hukosa damu, hubadilika rangi, hupasuka na kuoza. Kidonda cha aina hiyo kikifika mfupani kinaweza kuua. Mama anayeondoka kumi na mbili asubuhi na kurudi kumi na moja jioni amekosa mageuzo matano. Kuna kifafa pia, kinachoambatana na ulemavu mwingi wa ubongo. Anayeanguka karibu na jiko la makaa huungua, na anayekatiziwa dawa kwa siku tatu kwa kukosa pesa huweza kupata degedege lisilokoma. Na kuna moto. Wakazi wote wa Kibera wanajua namna moto unavyorukia chumba hadi chumba kwenye vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupita. Mlango ukiwa umefungwa kwa nje, na mwenye ufunguo ameenda kuteka maji, dakika tano ni nyingi.

Si kila suluhisho ni la mamilioni. Kiti cha kumkalisha wima mtoto asiyeshika shingo kinaweza kutengenezwa kwa maboksi na magazeti ya zamani, yakigandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga wa ngano, kisha yakaachwa yakauke hadi yawe magumu kama ubao. Ufundi huo uliasisiwa na mwalimu Bevill Packer huko Zimbabwe na umeenea katika nchi kadhaa za Afrika. Kiti kinakatwa kwa vipimo vya mtoto mmoja, upana wa nyonga zake na urefu wa mapaja yake, na anapokua kinatengenezwa kingine. Mtoto aliyekalishwa hivyo anaona mlango na wapitao badala ya paa peke yake. Anakula akiwa wima.

Viti vya magurudumu ni habari nyingine. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo nchini, APDK, kilichoanzishwa 1958, hutengeneza viti hivyo hapa hapa Nairobi na vimewafaa wengi. Lakini kiti kikifika Laini Saba kinakutana na Laini Saba yenyewe. Kizingiti cha mlango kimeinuliwa ili maji ya mvua yasiingie. Kichochoro kina upana wa mtu na nusu na mtaro wa maji machafu katikati. Choo ni cha kulipia, kina ngazi, na mlango wake ni mwembamba kuliko kiti. Kwa hiyo kiti kinakunjwa, kinawekwa pembeni, kinatundikwa nguo, na mwenyewe anarudi kubebwa mgongoni. Hospitali Kuu ya Kenyatta na ile ya Mbagathi ziko karibu, unaweza kuonyesha upande ziliko kwa kidole, lakini kijana wa kilo hamsini, mama yake hawezi kumbeba mgongoni hadi huko.

Mwezi Julai 2018 barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipitishwa katikati ya Kibera na watu wapatao 30,000 wakapoteza makao. Mjadala wa wakati ule ulihusu fidia, shule zilizobomolewa na hati za ardhi. Ilikuwa haki kuyajadili hayo. Jambo lililosahauliwa ni kwamba tingatinga lilimtenganisha mama na yule jirani mwenye ufunguo. Ujirani wa namna ile hujengwa kwa miaka, kwa kukopeshana chumvi na kuuguziana watoto, na ukishavunjika, mama anayehamia mtaa mpya na mwana asiyeweza kutembea hana wa kumwachia hata kwa saa moja. Serikali ikiwa itategemea ujirani kama mfumo wa huduma, basi izihesabu pia hasara inapouvunja.

Zungumza na wazazi kuhusu pesa na utasikia jina moja, Inua Jamii. Tangu 2011 serikali imekuwa na mpango wa kuzipa fedha kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkali, na kwa zaidi ya miaka kumi kiwango kimekuwa Sh2,000 kwa mwezi. Ni msaada wa kweli na wanaoupata hawaudharau. Lakini ugawe kwa siku thelathini: haufiki Sh67 kwa siku. Vituo vya kulelea watoto mchana mtaani, ambavyo wengi huviita deikea, hutoza kati ya Sh50 na Sh100 kwa siku kwa mtoto asiye na ulemavu, na vingi humkataa mwenye ulemavu kwa sababu ya ukweli wa wazi kwamba anahitaji mikono miwili peke yake. Ukitoa hizo, hujanunua nepi za mtu mzima, dawa ya kifafa, maziwa, wala sabuni ya kufulia mashuka kila siku. Na fedha hizo mara nyingi hazifiki kila mwezi, huja kwa malimbikizo, ilhali njaa haina malimbikizo.

Kuna waliokata tamaa kabisa. Mwaka 2018 shirika la Disability Rights International lilitoa ripoti kuhusu Kenya, na asilimia 45 ya akina mama waliohojiwa Nairobi walisema walishinikizwa kumwua mtoto wao aliyezaliwa na ulemavu. Walioshinikiza ni watu wa karibu. Sentensi hiyo ni nzito kuisoma, na ni lazima isomwe pamoja na ile Sh67.

Wengine hupeleka watoto kwenye makao. Hapo sera ya serikali imegeuka, na imegeukia upande ulio sawa. Novemba 2017 usajili wa makao mapya ya watoto ulisimamishwa, na 2022 ukazinduliwa Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi utakaofika 2032, wenye lengo la kuwarudisha watoto katika familia na jamii. Mtoto hakui vizuri katika bweni la vitanda arobaini. Watoto wenye ulemavu ndio hubaki huko mwisho, wengine wote wakishapata familia. Anayeunga mkono haki za watu wenye ulemavu ana kila sababu ya kuunga mkono mageuzi haya.

Lakini neno "jamii" katika nyaraka za serikali lina mahali linapoishi. Mtoto akirudishwa kwa jamii Laini Saba, anarudishwa kwa yule mama wa alfajiri na kufuli lake.

Afrika Kusini imeshalipia somo hili. Mwaka 2015 Idara ya Afya ya mkoa wa Gauteng ilitangaza kuvunja mkataba na vituo vya Life Esidimeni, na kufikia katikati ya 2016 ikawa imehamisha zaidi ya watu 1,300 wenye maradhi ya akili na ulemavu wa akili. Sababu zilizotolewa ni kupunguza gharama na kuwarudisha watu katika jamii. Wengi wao walipelekwa kwa mashirika madogo, mengine yakiwa ni nyumba za kawaida tu, kwa haraka, baadhi yao wakisafirishwa kwa pikapu, bila familia kuambiwa. Watu 144 walikufa, wengine kwa njaa, kiu na nimonia. Msimamizi wa malalamiko ya afya, Profesa Malegapuru Makgoba, alibaini 2017 kwamba mashirika yote 27 yaliyowapokea hayakuwa na leseni halali. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke akaamuru familia zilipwe fidia mwezi Machi 2018. Ukisoma yaliyotokea, hakuna mtu aliyekuwa amesema "tuwaue". Walisema "jamii", wakasema "akiba ya bajeti", wakasaini.

Wala ukaguzi wa makaratasi hautoshi. Uingereza ilikuwa na tume nzima ya kukagua huduma mwaka 2011, na muuguzi mmoja alikuwa ameripoti mateso ya watu wenye ulemavu wa akili katika hospitali ya Winterbourne View karibu na Bristol. Hakusikilizwa hadi BBC ilipopeleka kamera ya siri. Wafanyakazi kumi na mmoja walikiri makosa, sita wakafungwa. Mtu asiyeweza kusema hulindwa na watu wengi wanaoingia na kutoka mlangoni kwake: ndugu, mhudumu wa afya, mwalimu, kijana wa kanisa. Hapo mtaa wa Kibera una faida ambayo kituo cha Bristol hakikuwa nayo, maana katika ploti hakuna siri ya muda mrefu. Inachohitaji ni mtu mwenye jukumu la kusikiliza.

Kazi nzuri ipo tayari, na ni dhambi kuandika juu ya Kibera kana kwamba haipo. Little Rock, shule iliyoanzishwa na Lilly Oyare mwaka 2003, imekuwa ikiwaweka watoto wenye ulemavu darasa moja na wenzao tangu wakiwa wadogo. Shirika la The Action Foundation la Maria Omare limejenga kazi yake ndani ya Kibera kwa watoto na wasichana wenye ulemavu na mama zao. Haya yameonyesha kwamba mzazi wa mtaani akifundishwa kukalisha, kunyoosha viungo na kulisha, hufanya vizuri, kisha humfundisha mwenzake. Lakini shirika huishi kwa mfadhili, na mfadhili ana kalenda yake. Haki iliyoandikwa katika kifungu cha 54 cha Katiba haipaswi kungoja barua kutoka Ulaya.

Na watu wa kuifanya kazi hii tunao. Vyuo vya Nairobi vimejaa vijana wanaosomea uangalizi wa wagonjwa na wazee. Wanafundishwa kugeuza mgonjwa bila kumchubua, kumlisha, kumvusha kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Wanafundishwa wakitazama nje: Kenya ilisaini makubaliano ya wahudumu wa afya na Uingereza mwaka 2021, na ya wafanyakazi na Ujerumani Septemba 2024. Hakuna ubaya kijana kutafuta mshahara. Ubaya ni kwamba bibi wa Munich amepangiwa mikono ya Mkenya aliyefunzwa, na kijana wa Laini Saba, aliye mwendo wa matatu moja kutoka chuo hicho, amepangiwa mto mgongoni.

Mtu mzima mwenye ulemavu husahaulika zaidi ya mtoto. Sera za malezi zinamtaja mtoto, deikea ni ya mtoto, wafadhili wanapenda picha ya mtoto. Mwanamume wa miaka thelathini mwenye ulemavu wa akili huitwa "mtoto" hadi anazeeka, na hakuna anayemwuliza kama angependa kunyolewa leo au kesho. Mwanamke huvuliwa nguo na kuogeshwa na yeyote aliyepatikana. Hilo si suala la adabu tu. Wanawake wenye ulemavu wa akili hubakwa na watu wanaowajua, na kesi hufia njiani kwa sababu polisi au wazee wa mtaa hudhani hawezi kutoa ushahidi. Katiba, kifungu cha 50(7), inaruhusu mahakama kumpa mlalamishi mtu wa kati wa kumsaidia kueleza. Mlezi wa kulipwa anapaswa kulijua hilo siku ya kwanza ya kazi, na mwanamke anapaswa kuwa na uwezo wa kusema ni mwanamke tu atakayemwogesha, na asikilizwe.

Kuanzia wapi, basi? Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini kote, wenye posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka kwa serikali kuu na nusu kaunti. Wao tayari huingia nyumba hadi nyumba. Wanajua chumba kipi kina nani. Wapewe fomu ya kuuliza jinsi mtu anavyolishwa, kama ana vidonda, nani hubaki naye, na namba ya kupigia wanapoona baya. Wasibebeshwe kazi ya ulezi wenyewe, kwa kuwa posho yao haitoshi hata kwa kazi waliyo nayo. Ulezi uwe ajira nyingine: mtu wa mtaa huo huo, aliyefundishwa kwa wiki kadhaa, anayelipwa na kaunti kukaa na watu wawili au watatu kwa saa za kazi, akiwa na msimamizi anayemtembelea bila kumwarifu. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Isiishie kwa watoto wanaoweza kutembea.

Gharama? Mtoto mmoja aliyelazwa Mbagathi wiki mbili kwa nimonia ya uji amekula kitanda, oksijeni, dawa na kibarua cha mama yake. Mama huyo huyo akiweza kufanya kazi siku tano kwa wiki bila hofu, anaondoka katika orodha ya wanaongoja msaada wa chakula.

Mwaka mpya wa fedha huanza Julai mosi, na kabla yake kaunti huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Mikutano hiyo huwa mchana, siku ya kazi, mara nyingi katika kumbi ambazo kiti cha magurudumu hakipandi. Safari hii mmoja ufanywe Laini Saba kwenyewe, kwenye uwanja ulio tambarare, na kaunti ilipe watu watakaokaa na wana wao kwa saa tatu hizo, ili akina mama wenye funguo waweze kufika.